Neno Langu Juu ya Kerezo la Moshono

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na sitaki mtu aje kusema kesho kwamba alikaa nyuma hakusikia. Simel, wewe ni kifungua mimba, kaa hapa kulia kwangu. Nkasiogi, mama, acha kunipangia mito, imetosha, kaa na wewe. Oscar, zima hiyo simu. Wageni wako wa Momela watawaona twiga hata ukichelewa kidogo. Mchungaji Elihuruma nimemwomba akae pale kwenye kona asikilize tu, kwa sababu nataka awepo mtu mmoja ambaye hana cha kurithi katika nyumba hii.

Daktari ameniambia mapafu yamekwisha. Mimi nimeshika mashine maisha yangu yote, najua maana ya kitu kilichokwisha, kwa hiyo sikumuuliza maswali mengi na yeye nadhani alishukuru. Sina hofu, wala sina hasira na mtu. Nachoka tu, na nikichoka maneno yanapotea, kwa hiyo msinililie nikiwa naongea, mtanichanganya. Mtalia baadaye, muda mtakuwa nao.

Nilipokuwa nimelazwa, mtu mmoja alikuja hapa Moshono na futi ya kupimia, akapima mlango wa karakana, kisha akalipima kerezo letu jipya, ile mashine ya kukerezea chuma, urefu na upana, akaondoka. Sikuambiwa na mtoto wangu yeyote. Niliambiwa na jirani aliyekuja kuniona na machungwa. Mtu huyo ni mnunuzi, na aliyemleta ni Simel. Simel, sikuulizi kitu mbele za watu, nasema tu ninachokijua: mmeshapatana kwamba nikizikwa atakuja na lori kuichukua mashine. Nkasiogi anajua, na hamsemezani, mnapita uani kama wapangaji. Nimewaita ili jambo hilo niliamue nikiwa hai, maana nikishakufa ataliamua mwenye sauti kubwa.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii tunayokaa ilikuwa ya mama yenu Silantoi, na kwa desturi yetu sisi Waarusha kitinda mimba hubaki na nyumba ya mama yake, kwa hiyo ni ya Oscar, pamoja na migomba na zizi la nyuma. Shamba la Oldonyo Sambu na ng'ombe wote walioko kwenye boma la huko ni wa Simel, na hilo halihitaji maelezo, alikuwa akiwachunga hata kabla hajaota ndevu. Rika langu wananidai beberu mmoja wa sherehe ambayo mimi nilikula na sikutoa. Simel apeleke, na achague beberu wa maana, asiwapelekee yule anayechechemea. Ugomvi wetu wa mfereji na watu wa upande wa juu nimeuacha. Siku hizi maji yenyewe hayafiki hata kwao, sijui tungegombania nini.

Sasa chuma, na hapa mnivumilie, maana siwezi kusema nani achukue nini bila kusema kilikotoka.

Mnajua kwamba katika watu wetu wa Kimaa mhunzi ni mtu wa pembeni. Anaitwa olkunoni, mkuki wake unapokelewa, lakini mkono wake haushikwi mpaka upakwe mafuta, na binti yake haposwi na watu wa ng'ombe. Mimi sikuzaliwa katika ukoo wa wahunzi, nilizaliwa kwenye boma kama baba yangu. Lakini nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye karakana ya shamba la kahawa huku chini ya Mlima Meru, mzee mmoja akanifundisha kukereza, nikapenda. Nilipenda kuona chuma kinavyovuliwa ganda na kubaki kimenyooka na kung'aa, na kipimo nilichokitaka kikitokea palepale nilipokitaka. Baba yenu mkubwa Yiamat alipokuja kunitembelea kazini aliukataa mkono wangu, akauliza kama kuna mafuta ya kupaka. Nikamwambia, kaka, mikono hii ina oili tangu asubuhi, paka unayoitaka. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na alikufa bila kunishika mkono tena, na hilo liliniuma sana, linaniuma hata leo.

Simel, wewe ulimfuata baba yako mkubwa. Ulikuwa ukija Moshono unasimama nje ya mlango wa karakana, unanisalimia shikamoo ukiwa juani, unaingia ndani ya nyumba kula chakula kilichonunuliwa kwa chuma, lakini kile kizingiti hukivuki. Sikukulaumu, ulikuwa kijana na kijana huogopa maneno ya wenzake kuliko kitu kingine. Oscar alitaka kuendesha gari na kuonyesha watu wanyama. Aliyeingia ni Nkasiogi. Akaenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti, akavaa ovaroli, na wale vijana waliokuja kumposa kutoka upande wetu waligeuza njia walipoambiwa anafanya kazi gani. Mbele yangu hakuwahi kulia. Mama yenu ndiye aliyeniambia kwamba alilia.

Lile kerezo kuukuu pale ukutani wote mnalijua. Kichwa chake kimekaa tuli kinazungusha chuma, na kisu ndicho kinachotembea. Kwa kitu kifupi na kinene halina shida hata kidogo. Lakini mashamba ya maua ya Usa River yalianza kutuletea kazi ya pini za vali za mitambo yao ya kunyunyizia dawa, pini za stenlesi, nyembamba kama njiti ya kibiriti na ndefu kama kidole, na kila tulipozikereza zilitoka zimenenepa katikati. Chuma chembamba kikisukumwa na kisu mbali na mahali kiliposhikwa, kinapinda, kinakikimbia kisu, kisha kinarudi. Tulizitupa nyingi sana, na nyingine tulizimalizia kwa msasa, jambo ambalo fundi anayejiheshimu hafanyi. Nkasiogi ndiye aliyesema tutafute kerezo ambalo kichwa chake kinatembea.

Katika hilo, kichwa kinaushika ufito wa chuma na kuusukuma mbele kupitia kwenye tundu la bushi, ile pete ngumu inayoushikilia, na visu vinasubiri palepale mdomoni mwa bushi. Kwa hiyo chuma kinakatwa hapohapo kinaposhikiliwa, hakipati nafasi ya kupinda, hata kiwe chembamba na kirefu namna gani. Ni hilo tu. Mengine yote wauzaji watawasimulia nusu siku nzima na kuwanunulia soda.

Nkasiogi, siku moja utahitaji la pili, na ndugu zako wasikie ili wasikusukume. Usilichague kama sisi tunavyochagua fahali, kulizunguka na kulitazama mgongo. Tulipokwenda kwa dalali wa kwanza, Simel, ulikuja na sisi, ukasimama nje ya ghala, na ukiwa mlangoni ukalipenda lile kubwa lenye rangi mpya, linalomeza fito nene kama mpini wa jembe. Tulikuwa na kazi gani ya unene huo? Hatukuwa nayo. Kerezo kubwa likilishwa ufito mwembamba halizunguki kwa kasi inayotakiwa, na umeme linakula uleule. Anza na kazi iliyoko juu ya meza yako, unene wake na urefu wake, ndipo utafute mashine. Kama kipande si kirefu, hakizidi mara tatu ya unene wake, huhitaji kichwa kinachotembea, lipe lile kuukuu kazi hiyo na litafurahi. Na kama kazi ni ya vipande vichache, usijisumbue, utakesha ukipanga visu kwa kitu kitakachokwisha kabla ya chai.

Muulize muuzaji bushi itatoka wapi ikichakaa, na fundi wa kuitengeneza anakaa nchi gani. Angalia kama kuna kile kichwa cha pili kinachopokea kipande kikikatwa na kukimalizia upande wa nyuma, maana bila hicho utalipa mtu akae siku nzima akikwangua ncha. Zaidi ya yote, fika mapema kuliko ulivyowaambia, weka kiganja juu ya kichwa chake. Kikiwa na joto wameiwasha kabla hujafika. Waage kwa heshima, rudi kesho. Wakereze kipande cha kwanza mashine ikiwa baridi, iendelee kufanya kazi, nendeni mkale, mkirudi wakereze kingine bila kugusa vipimo. Vipime vyote viwili kwa maikromita yako, si ya kwao. Tofauti ikiwa kubwa, ondoka, hata kama dalali ameshakununulia nyama choma. Ndivyo tulivyolipata hili tulilo nalo, na madalali wawili hawataki kuniona mpaka leo.

Nipe maji kidogo. Asante, mama.

Ndipo ikaja ile habari ya fito. Simel, ulikuwa umetoka Dar es Salaam, ukatuletea mzigo wa fito za stenlesi zinang'aa, ukazibeba mwenyewe begani, ukaingia nazo karakana. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nilikuona. Hukuwa umewahi kuvuka mlango ule, na hiyo siku uliuvuka na zawadi. Nkasiogi akachukua ufito mmoja, akaupima mwanzo, akaupima katikati, akaurudisha kwenye mzigo, akasema mbele ya wafanyakazi na mbele ya wateja wa Usa River kwamba hizi ni za kufungia mbuzi. Watu wakacheka. Wewe ukatoka, na tangu siku hiyo hamjazungumza.

Nitasema yote mawili. Kuhusu fito, Nkasiogi alikuwa sahihi. Bushi ile inaubana ufito kwa nafasi ndogo kuliko unywele; ukiwa mnene hapa na mwembamba pale, penye unene utakwama na kuunguza bushi, penye wembamba utatikisika na kipimo kitapotea. Lazima fito ziwe zimesagwa sawasawa toka kiwandani na zimenyooka, na mng'aro hauonyeshi hilo. Mtu ambaye hajafundishwa hawezi kulijua, na si aibu. Kuhusu mahali pa kusemea, Nkasiogi ulikosea, na ulikosea sana. Huyo ni kaka yako mkubwa. Alikuja na mzigo begani mbele ya watu waliomjua toka utoto kuwa hashiki chuma, na wewe ukawachekesha watu. Ungezipokea, ungeziweka pembeni, jioni ungemwita ukampa maikromita apime mwenyewe. Utamwomba radhi, na usimwombe hapa kwa sababu mimi nimesema; umfuate Oldonyo Sambu nyumbani kwake, kwa miguu yako.

Na wewe Simel, hasira ile ninaielewa, mimi pia nimewahi kuchekwa. Lakini kuuza mashine kwa sababu ya kicheko, hapana.

Sasa lisikieni neno lenyewe. Kwa desturi, kitu cha baba ambacho hakikupewa mtu kinakwenda kwa kifungua mimba, na kama kerezo lile jipya lingekuwa langu, Simel, ungelichukua, ungeliuza, ungelifanya kisima cha ng'ombe, nisingekuwa na la kusema. Siku Nkasiogi alipopata kipaimara nilimpa mtamba mweusi mwenye baka jeupe shingoni. Nilimshika kamba kwa mkono wangu nikamkabidhi, na Mchungaji pale alikuwepo, alikula nyama ya siku hiyo na nadhani anaikumbuka. Ninyi watu wa boma mnajua kuliko mimi kwamba ng'ombe aliyetolewa na baba kwa mkono wake, yeye na ndama zake na ndama za ndama zake, hawaingii kwenye hesabu ya mirathi. Yule mtamba alizaa vizuri, na uzao wake ulizaa, na kwenye boma lenu wote mlikuwa mkiwaita ng'ombe wa Nkasiogi.

Ulipofika wakati wa kununua mashine nilikuja kwako kwanza, Simel. Nilikuomba tuuze madume. Ukaniambia ng'ombe wa boma letu hawageuzwi kuwa chuma, na sikukulazimisha, kwa sababu moyoni nilishakupa. Nikarudi Moshono nikaendelea na kazi. Nkasiogi alisikia kwa mama yake, akaenda boma, akauza wake wote, hata yule mzee aliyekuwa hazai tena, akabaki hana hata wa maziwa ya chai. Kerezo lile limetoka hapo lote, katika uzao wa mtamba wake.

Kwa hiyo siligawi, na msije mkasema mzee alimpendelea binti. Siligawi kwa sababu si langu. Simel, ukileta lile lori utakuwa umeswaga ng'ombe wa dada yako, na hivyo ndivyo wazee wa boma watakavyoliita, kwa jina hilohilo, na wewe unajua wanavyomtazama mtu wa namna hiyo. Kiwanja cha karakana nilishakitenga mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kutoka ukuta wa choo mpaka barabarani, ni cha Nkasiogi. Oscar, kitakuwa ndani ya uwanja wako na kelele utazisikia. Vumilia, hizo kelele ndizo zilizokusomesha. Kerezo kuukuu ni langu, na hilo nampa Simel. Usiliuze haraka. Mwombe dada yako akufundishe, akikukataa niambie, ah, sitakuwepo. Mwambie Mchungaji.

Nasema hivyo kwa sababu Nkasiogi anajua kusema na chuma, na watu wanamshinda. Mameneja wa Usa River wanamwogopa. Wewe Simel unaweza kumkalisha mtu chini mpaka akubali bei akidhani ni yake. Jifunze kupima ufito, uwe wewe wa kwenda Dar kuzichagua, na hakuna atakayecheka tena.

Nkasiogi, haya unayajua, nayasema kwa ajili ya atakayekuja baada yako. Asubuhi mashine izunguke kwanza bila kazi mpaka ipate joto, na vipande vya mwanzo viingie kwenye kopo, visiingie kwenye mzigo wa mteja hata kama macho yanasema ni vizuri. Ncha ya kila ufito ichongwe kabla ya kuingizwa, isije ikaikwaruza bushi. Sukuma ufito kwa vidole viwili. Upite ukiwa umebanwa kidogo, usiwe unaserereka. Kipande cha mwisho kinachobaki ni kirefu, usikilazimishe, kiweke, utapata cha kufanyia. Mnatumia oili tupu na siyo maji, na moshi wa oili unashika moto, kwa hiyo msiiache mashine peke yake mkaenda kula eti inajiendesha. Inajiendesha, ndiyo. Haijui kukimbia.

Nimeanza kuchoka. Hewa haitoshi.

Mnizike Oldonyo Sambu, kando ya Silantoi, kichwa kikitazama mlima. Hotuba ziwe fupi. Pini za Usa River zipelekwe siku waliyoahidiwa, hata kama ni siku ya matanga. Nimekubali mimi, asilaumiwe mtu.

Nishikeni nikae. Hivyo. Nitawabariki kama wazee wetu walivyotubariki, na ninyi mtaitikia Naai, yaani Ee Mungu, kila ninapotua, wote watatu. Mchungaji asininunie, Mungu ni yuleyule.

Oscar, nyumba yako isikose watu, na gari lako lirudi salama kila linapotoka. Naam. Nimewasikia.

Simel, boma lako lijae. Watoto wako wakutii wakiwa wadogo, wakupende wakiwa wakubwa. Naam. Vizuri.

Nkasiogi. Chuma kisikukate mikono. Kazi yako ikuinue, na ng'ombe wako warudi nyumbani kwa njia yoyote Mungu atakayoiona.

Nimesikia sauti ya Oscar. Nimesikia ya Nkasiogi mwenyewe.

Simel.

Mmoja akinyamaza baraka haitui kwa yeyote, unajua. Sikulazimishi, mwanangu. Siwezi hata kukushika mkono, umekaa mbali kidogo. Nangoja tu. Ninayo pumzi ya kungoja.

Sema tena, masikio yamekuwa mazito.

Ndiyo. Nimeisikia, mwanangu. Haya, nilazeni sasa.